Sheria ya ushindani Uganda: nani amsimamie mnunuzi wa miwa Jinja na wa kahawa Mbale?

Kwa miaka mingi Uganda ilikosa kitu ambacho majirani zake walikuwa nacho tayari, yaani sheria ya jumla ya kulinda ushindani wa haki katika biashara. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2003, na Kenya ikafuata mwaka 2010. Ya Uganda ilipitishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika Februari 2024. Wengi wanaposikia neno ushindani hufikiria duka, rafu na bei anayolipa mnunuzi. Mashariki ya Uganda, kutoka mashamba ya miwa yanayouzunguka mji wa Jinja hadi miteremko ya mlima Elgon juu ya Mbale, swali hili huanzia upande wa pili wa mizani. Mkulima anapofikisha mavuno yake sokoni, ni wanunuzi wangapi wanaomsubiri, na je, wamekwisha kupatana bei kabla hajafika?

Sheria inakataza nini

Sheria za ushindani duniani, na ya Uganda ni miongoni mwao, husimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kukataza mapatano ya siri kati ya washindani, iwe ni kupanga bei, kugawana maeneo au wateja, au kupokezana zabuni. Ya pili ni kuzuia kampuni yenye nguvu kubwa sokoni isiitumie vibaya. Ya tatu ni kuchunguza kampuni zinapotaka kuungana au kununuana, ili muungano usizae ukiritimba.

Ieleweke kwamba ukubwa peke yake si kosa. Kampuni inaweza kutawala soko kwa sababu bidhaa zake ni bora au bei zake ni nafuu, na hakuna sheria inayoiadhibu kwa hilo. Kosa huanza pale nguvu hiyo inapogeuzwa kuwa kufuli la kuwafungia wengine nje.

Jinsi kufuli hilo linavyoonekana mahakamani, Uganda ilikwisha kupata somo kabla ya sheria hii. Kampuni ndogo ya huduma za fedha, Ezee Money, iliishtaki MTN Uganda, ikilalamika kwamba mawakala waliokuwa wakihudumia mfumo wa MTN wa kutuma fedha kwa simu walikuwa wakizuiwa kuihudumia kampuni hiyo changa. Mwaka 2015 kitengo cha biashara cha Mahakama Kuu mjini Kampala kiliamua kwamba mwenendo huo ulikwenda kinyume na ushindani wa haki, na kuamuru ilipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi hiyo iliwezekana kwa sababu Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 ilikuwa na vifungu vyake vya ushindani. Mwenye simu, basi, alikuwa na mlango wa kubisha. Mwenye miwa hakuwa nao.

Nchini Kenya, kazi hii hufanywa na Mamlaka ya Ushindani. Agosti 2023 mamlaka hiyo ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi za Kenya milioni 338.8 kwa kupanga bei kwa pamoja. Chuma hicho ndicho kinachomfikia mwananchi kikiwa nondo ya nguzo au bati la paa. Njama za namna hiyo ni vigumu kuzigundua, kwa kuwa mnunuzi anayezunguka maduka matano na kukuta bei ileile hudhani ndiyo hali ya soko. Ndiyo maana wachunguzi hutafuta barua, ujumbe na kumbukumbu za vikao, na sheria ya Kenya inatoa nafuu ya adhabu kwa kampuni inayojitokeza kutoboa siri ya wenzake.

Desemba mwaka huohuo mamlaka hiyo iliitoza faini ya shilingi bilioni 1.1 kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini Kenya, kwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi dhidi ya wauzaji wawili, mmoja wao mfanyabiashara wa asali. Kampuni hiyo iliupinga uamuzi huo. Kwa wasomaji wa Busoga na Bugisu, uzito wa shauri hilo ni kwamba aliyelindwa hakuwa mlaji mbele ya rafu bali mtu aliyeileta bidhaa.

Jinja: mnunuzi mmoja, ramani moja

Kiwanda cha sukari cha Kakira, mashariki kidogo ya Jinja, kilianzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Kwa vizazi viwili au zaidi, kulima miwa katika sehemu hizo kulimaanisha kuiuzia Kakira. Baadaye vilikuja viwanda vingine, vikiwamo vya Mayuge, Kaliro na Kamuli, na mkulima akapata chaguo kwa mara ya kwanza.

Viwanda vikongwe havikupendezwa, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Kiwanda humkopesha mkulima mbegu, humlimia kwa trekta, humpa mbolea na wakati mwingine hutengeneza barabara ya kwenda shambani. Muwa huchukua takriban miezi 18 kukomaa. Ikiwa siku ya mavuno lori la kiwanda kipya linafika usiku na fedha taslimu, aliyekopesha hubaki na deni lisilolipika. Kwa sababu hiyo Sera ya Taifa ya Sukari ya mwaka 2010 ilitaka kila kiwanda kiwe na eneo lake, umbali wa kilomita 25 kuzunguka, ambamo kingine hakijengwi.

Tazama jambo hili kwa macho ya msimamizi wa ushindani. Kampuni mbili zikikaa hotelini na kugawana wilaya za kununulia miwa, hiyo ni njama. Serikali ikichora mgawanyo uleule kwenye ramani, inaitwa sera. Kwa mkulima aliye ndani ya duara, tofauti ni ndogo sana. Deni la mbegu na trekta ni halali na lina dawa yake, yaani mkataba wenye muda maalumu na makato yanayoandikwa. Mkataba hufika mwisho, ilhali ramani haina tarehe ya kuisha.

Wazee wa eneo hili wameyasikia haya zamani, katika masimulizi ya pamba. Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliigawa nchi katika kanda za pamba na kukataza pamba yenye mbegu kuvushwa kutoka kanda moja hadi nyingine, huku wenye vinu vya kuchambulia wakigawana mavuno kwa mafungu waliyopatana wenyewe. Manung'uniko ya wakulima dhidi ya mpango huo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1946.

Kuhusu miwa, Bunge lilikataa kuziweka kanda katika mswada wa sukari. Rais Yoweri Museveni aliurudisha mswada akitaka zirejeshwe, lakini hatimaye Sheria ya Sukari ya mwaka 2020 ilitoka bila kanda hizo. Hata hivyo, wingi wa viwanda haukumaliza shida. Miwa ilipokuwa haba, viwanda vilishindana na bei ikapanda. Familia nyingi za Busoga zikapanda miwa hadi karibu na mlango wa nyumba, mahali palipokuwa na mihogo na mahindi. Miwa yote hiyo ilipokomaa kwa pamoja, na sukari ya Uganda ikakumbana na vikwazo katika masoko ya majirani, bei iliporomoka na malori yakapanga foleni kwenye malango ya viwanda. Muwa uliokatwa hupoteza uzito na utamu kila siku inayopita, hivyo mwenye nao hana subira ya kujadiliana. Bei inaposhuka katika viwanda vyote kwa wakati mmoja, huenda ni soko tu linalofanya kazi yake, na huenda ni mapatano. Kutenganisha hayo mawili ndiyo kazi hasa ya msimamizi, nayo haiwezekani bila mamlaka ya kudai vitabu vya hesabu.

Mbale: kutoka chama kimoja hadi foleni ya wanunuzi

Kahawa ya Arabika ya mlima Elgon ina historia iliyo kinyume na hiyo. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikuwa kwa miongo kadhaa njia pekee ya kisheria ya kupeleka kahawa hiyo sokoni. Wakulima walikipenda kwa sababu kilikuwa chao, na walikilaumu kwa malipo yaliyochelewa. Mageuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliufuta ukiritimba huo. Wafanyabiashara binafsi na kampuni za kusafirisha nje waliingia Mbale, na malipo ya papo kwa papo yakawa ya kawaida. Papo hapo lilizuka tatizo lingine. Mnunuzi anayeshindana kwa haraka hununua hata buni mbichi, na sifa ya kahawa ikapungua.

Kisha mwaka 2022 ukaja mkataba uliozua kelele nchi nzima. Mwezi Februari serikali ilitia saini makubaliano na kampuni ya Uganda Vinci Coffee, yaliyoahidi kampuni hiyo misamaha ya kodi na kipaumbele cha kupata kahawa kabla ya kufikiriwa kuuzwa nje ikiwa mbichi. Lengo lililotajwa lilikuwa kusindika kahawa nchini, na hilo peke yake ni jema. Lakini wabunge waliona ndani yake mnunuzi mmoja akirudi kupitia dirishani, na mwezi Mei Bunge likaazimia mkataba huo usitishwe. Wakati huo hakukuwa na chombo cha ushindani cha kuuchunguza. Kazi hiyo ilifanywa na kamati ya Bunge, nayo ni mahali pa siasa kabla ya kuwa mahali pa ushahidi.

Mwamuzi ni wizara

Mswada wa ushindani ulipofika Bungeni, wabunge walitaka iundwe tume inayojitegemea. Rais alikataa kuutia saini, akisema serikali inapunguza idadi ya taasisi zake ili kubana matumizi. Bunge likaiondoa tume, na utekelezaji ukabaki kwa Wizara ya Biashara, Viwanda na Ushirika, ikisaidiwa na kamati ya wataalamu.

Hoja ya gharama ina uzito katika nchi yenye mashirika mengi yanayofanana. Lakini sekta ya sukari iko chini ya wizara hiyohiyo. Wizara inayomkaribisha mwekezaji wa kiwanda ndiyo inayotakiwa kumchunguza akituhumiwa kupanga bei ya miwa. Nchini Tanzania muundo ni tofauti. Ipo Tume ya Ushindani, na juu yake lipo Baraza la Ushindani linalosikiliza rufaa. Mwaka 2022 Baraza hilo lilitengua idhini ambayo Tume ilikuwa imeitoa kwa kampuni ya Scancem kuinunua Tanga Cement. Mwamuzi aliyeweza kusahihishwa waziwazi na mwamuzi mwingine anaaminika zaidi, hata kwa aliyeshindwa.

Kwa miungano inayovuka mipaka, Uganda pia inaguswa na Tume ya Ushindani ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 2013 ikiwa na makao yake Lilongwe, Malawi. Uhitaji wake ulionekana mwaka 2016, AB InBev ilipoinunua SABMiller. Kiwanda cha bia cha Nile, ng'ambo ya mto kutoka Jinja, kilipata mmiliki mpya bila Uganda kuwa na sheria yake ya kuuliza lolote.

Upo pia ukiritimba unaowekwa na sheria yenyewe. Tangu Julai 2024 Kampuni ya Taifa ya Mafuta, UNOC, ndiyo mwagizaji pekee wa petroli na dizeli nchini, ikishirikiana na Vitol. Dereva wa bodaboda wa Mbale anaona vituo vingi vyenye rangi tofauti, lakini mafuta yote yamepitia mkono mmoja.

Mlaji, mizani na malalamiko

Uganda haina sheria moja ya kumlinda mlaji. Ulinzi umegawanyika. Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, hukagua ubora wa bidhaa na usahihi wa mizani. Tume ya Mawasiliano husimamia huduma za simu. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa kuwalinda wateja wa mabenki mwaka 2011. Sheria ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa yenye kasoro.

Kwa mkulima, mizani ndiyo ulinzi wa karibu kuliko wote. Mizani ya biashara inapaswa kuhakikiwa na UNBS na kubandikwa alama ya uhakiki, iwe ni ile ndogo ya mnunuzi wa kahawa kijijini au ile kubwa ya kupimia malori kiwandani. Anayeona mizani isiyo na alama anayo haki ya kuhoji kabla ya kupima.

Malalamiko ya ushindani huelekezwa wizarani Kampala, na ofisi ya afisa biashara wa wilaya au jiji ni mahali pa kuanzia. Kinachoyapa nguvu ni karatasi, yaani nakala ya mkataba, tiketi ya mizani yenye tarehe na uzito, orodha ya makato, na bei zilizotangazwa na wanunuzi mbalimbali siku moja. Mara nyingi mikataba ya miwa huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo shambani ni ya Kisoga, Kiganda au Kiswahili. Mkulima anaweza kuomba asomewe kila kifungu kwa lugha anayoielewa kabla ya kuweka kidole gumba, hasa kile kinachosema mkataba unadumu kwa muda gani na nani hulipa gharama ya usafiri miwa inapolala foleni.