Oppama na Kamakura: Kiwanda cha magari na mji wa mahekalu

Mfanyabiashara wa magari anayefika Yokohama na kubakiwa na siku moja kabla ya kurejea nyumbani anaweza kuona sura mbili za Japani zilizo jirani kabisa. Kusini mwa Yokohama, katika mji wa Yokosuka, kipo kiwanda cha Nissan cha Oppama. Upande wa magharibi, umbali usiofika kilomita 10 kwa mstari ulionyooka, upo mji wa kale wa Kamakura. Hata hivyo, nusu ya kwanza ya safari hiyo ina mwisho unaojulikana.

Julai 15, 2025 Nissan ilitangaza kuwa uzalishaji wa magari Oppama utasimamishwa ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha wa 2027, yaani Machi 2028. Kazi hiyo itahamishiwa katika kiwanda chake cha Kyushu, kusini magharibi mwa Japani. Hatua hiyo ni sehemu ya mpango uliotangazwa Mei 2025 wa kupunguza viwanda vya kampuni hiyo duniani kutoka 17 hadi 10, pamoja na ajira 20,000. Oppama ilikuwa na wafanyakazi wapatao 2,400 wakati wa tangazo hilo. Kituo cha utafiti, uwanja wa kujaribia magari na gati vitaendelea kutumika.

Kiwanda

Oppama ilifunguliwa mwaka 1961 katika eneo lililowahi kuwa uwanja wa ndege wa jeshi la majini. Gari la kwanza kutengenezwa hapo kwa wingi lilikuwa Bluebird. Jina hilo si geni Afrika Mashariki: Bluebird aina ya 510, iliyouzwa nje kama Datsun 1600, ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1970. Tangu mwaka 2010 kiwanda hicho kiliunda pia Leaf, gari la umeme, katika mstari uleule wa kuunganishia magari ya petroli.

Kazi katika kiwanda cha aina hii hupitia hatua tano. Bati hukandamizwa na mashine kupata umbo, roboti huchomelea vipande kuwa bodi, bodi hupakwa rangi, kisha wafanyakazi hufunga injini, viti, vioo na nyaya, na mwisho gari hukaguliwa. Katika ziara za viwandani nchini Japani, wageni kwa kawaida huonyeshwa zaidi sehemu ya kuunganisha, wakitembea katika njia iliyotengwa. Chumba cha rangi hufungwa kwa wageni kwa sababu vumbi kidogo tu huharibu kazi.

Gati la Oppama liko ndani ya eneo la kiwanda, hivyo gari linaweza kutoka mstarini na kuendeshwa hadi melini bila kupita barabara za mji. Kwa msomaji anayefahamu gharama ya kusafirisha gari kutoka Mombasa hadi Kampala, faida ya mpango huo haihitaji maelezo.

Ziara za viwanda vya magari nchini Japani mara nyingi hazilipiwi, lakini nafasi huombwa mapema na kupiga picha ndani hukatazwa. Kwa kuwa Oppama inaelekea kufunga uzalishaji, ni lazima kuthibitisha na kampuni kama wageni wanapokelewa kabla ya kupanga siku.

Mji wa mahekalu

Kutoka kituo cha Oppama, treni ya Keikyu humfikisha msafiri Kanazawa-Hakkei, kituo kinachofuata, ambapo hubadilisha kuelekea Zushi-Hayama. Hapo hutembea kidogo hadi kituo cha JR cha Zushi, na Kamakura ndicho kituo kinachofuata.

Kamakura imezungukwa na vilima pande tatu na bahari upande wa nne, ngome ya asili iliyomvutia Minamoto no Yoritomo, aliyepewa cheo cha shogun mwaka 1192. Utawala wa kijeshi uliokaa hapo ulidumu hadi 1333. Hekalu la Kencho-ji lilianzishwa mwaka 1253. Engaku-ji lilifuata mwaka 1282, baada ya mashambulizi ya Wamongolia, kuwaenzi waliokufa wa pande zote mbili.

Kivutio kikubwa ni sanamu ya Buddha katika hekalu la Kotoku-in, karibu na kituo cha Hase. Ni ya shaba nyeusi, ina urefu wa mita 11.3 bila kuhesabu kitako, na uzito wa tani zipatazo 121. Ilianza kusubiwa mwaka 1252. Jengo lililoifunika liliharibiwa na dhoruba na mawimbi, na kwa karne nyingi imekaa wazi.

Wingi wa wageni umekuwa mzigo kwa wenyeji. Mwaka 2019 mji huo uliweka kanuni ya kuwaomba wageni wasile huku wakitembea penye msongamano, bila adhabu kwa anayekiuka.

Maana yake kwa soko

Kufungwa kwa Oppama hakutaondoa magari yake Mombasa kwa haraka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2025 yaliruhusiwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Kwa hesabu hiyo, na iwapo sheria haitabadilika, gari la mwisho la Oppama lililosajiliwa mwaka 2028 litaweza kuingia hadi 2035. Uganda, iliyoweka mwaka 2018 kikomo cha miaka 15, inaweza kuyapokea kwa muda mrefu zaidi.

Mnunuzi atakayelipokea gari hilo bandarini atakuwa na chombo kilichotoka katika mstari uliokwisha kunyamaza.