Mvinyo, busaa na swali la kishushio

Majuzi nilipita Kitale nikielekea nyumbani Bungoma, nikaingia hoteli moja kula. Niliagiza ugali wa wimbi, kuku wa kienyeji na saga. Kisha nikamwomba mhudumu, kijana mwenye adabu zake, aniletee glasi ya mvinyo. Akasita, akainama kidogo. "Mzee, samahani. Mvinyo si wa ugali. Hiyo huendana na chakula cha Kizungu."

Sikukasirika. Nilicheka, kwani ni kauli ileile aliyofundishwa marehemu babangu mjini humohumo, kabla ya Uhuru, alipokuwa mpishi katika shamba la mlowezi. Kumbe bado inaishi! Basi hebu tuichunguze ilikotoka, tuanze na maneno yenyewe.

Neno mvinyo tulipewa na Wareno, waliofika Malindi mwaka 1498 na kung'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Vinho yao ilivishwa kiambishi m-, ikaingia katika ngeli ya U-I pamoja na mti na mkate: mvinyo mwekundu, mivinyo myekundu. Katika vinywa vya watu wa pwani, hata hivyo, neno hili lilizoea kubeba kileo chochote kikali, si maji ya zabibu peke yake. Divai nayo wanaisimu wengi huinasibisha na du vin ya Kifaransa, lugha ya mapadre waliofika Unguja mwaka 1860 na Bagamoyo mwaka 1868. Hii imekaa ngeli ya I-ZI, kwa hivyo ni divai nyekundu. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inayatumia yote mawili: arusi ya Kana iliishiwa divai, ilhali Timotheo anashauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza lipi ni sahihi. Yote ni sahihi. Mimi husema mvinyo kwa sababu ndilo neno la babangu.

Tazama sasa maneno hayo yaliingia kwa mlango gani. Moja lilikuja na merikebu, la pili na altare. Halafu likaja jiko la mlowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa 1919 wa kuwapa wanajeshi Wazungu mashamba uliwaleta wengi Trans Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na bidhaa kutoka Mombasa zikawa rahisi kufika, makreti ya chupa yakiwemo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umebana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Sheria za koloni zilienda mbali zaidi, zikamnyima Mwafrika vileo vya Kizungu kwa jumla, kizuizi kilicholegezwa vipande vipande baada ya Vita vya Pili. Kwa hivyo mpishi alikariri kanuni ya kinywaji asichoruhusiwa kukionja: nyekundu kwa nyama, nyeupe kwa samaki na kuku. Babangu aliikariri kama tebo ya hesabu. Matumbo, mrenda na omena havikutajwa katika kanuni hiyo kwa sababu havikupandishwa meza ile. Huo ndio mzizi wa jibu la kijana wangu wa hotelini, ingawa yeye mwenyewe hajui.

Lakini je, sisi tulikuwa na desturi ya kulinganisha mlo na kinywaji? Hapa lazima niwe mkweli. Miongoni mwa Wabukusu, kamalwa, yaani busaa, haikunywewa kwa kuteremshia tonge. Watu walikula kwanza, kisha wazee wakauzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, wakinyonya na kuzungumza. Na busaa yenyewe ni chakula. Unga wa mahindi hukandwa, ukavundikwa siku kadhaa hadi uchachuke, ukakaangwa juu ya bati, ukaanikwa. Kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uchachuke tena. Huandaliwa maji ya moto ya kuongeza mtungini wanywaji wakiendelea. Mtu akishiba busaa, ugali wa nini tena? Mwezi wa Agosti, katika mwaka unaogawika kwa mbili, mwenye mtoto wa kutahiriwa hafikirii kitoweo kabla hajafikiria mtungi.

Hata hivyo, Kiswahili kina kitoweo, neno linalotaja chakula kwa kazi yake ya kuandamana na kingine. Na kina kushushia, ambalo ndugu zetu wa Tanzania hulitumia kila siku: soda ya kushushia, chai ya kushushia, na kinywaji chenyewe wakakiita kishushio. Aliye na maneno hayo mawili hahitaji kufundishwa kwamba vya mezani huoana. Jirani zetu Wakalenjin hapo Trans Nzoia hula ugali na mursik, maziwa ya kuganda yenye uchachu, na hakuna aliyewahi kuwauliza cheti.

Ukitaka sababu za kikemia, zipo. Utomvu mkavu unaokamata ulimi katika mvinyo mwekundu ni tanini, na tanini hushikana na protini, ndiyo maana nyama choma huulainisha. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chuma kilichomo katika mvinyo mwekundu ndicho kinachozua ule mrudio mbaya wa shombo ukila samaki. Basi usithubutu kuunywa na omena! Saga nayo ni chungu. Ukiongeza tanini, uchungu juu ya uchungu. Kwa ulimi wangu, mboga hizi za kienyeji zilizopikwa kwa maziwa hutaka mvinyo mweupe mkavu, uliopoa. Wala si lazima utoke Ulaya: mizabibu hukuzwa Naivasha, na Dodoma wamisionari waliipanda Bihawana tangu 1957.

Najua wasomaji wengine wa Bungoma wamekunja uso. Marafiki, yaani Waquaker, walipiga kambi Kaimosi mwaka 1902, wakaenea hadi kwetu, na ibada yao haina mkate wala divai. Mamangu alikuwa mmoja wao. Mlowezi alipouza shamba akarudi kwao, alimwachia babangu chupa tatu. Mama alikataa zisilale nyumbani, zikalazwa ghalani chini ya magunia. Siku moja ya soko, Mama akiwa kanisani, Papa alifungua moja, ya mvinyo mweupe, akaimimina katika kikombe cha bati, akala na matumbo na ugali. Nilikuwa mtoto, nikamwuliza ina ladha gani. Akatafuna kwanza, akanywa, akafikiri.

"Inakata mafuta," akasema. "Memsabu hakuwahi kuijaribu na matumbo."

Nilimsimulia yule mhudumu wa Kitale kisa hiki. Akaniletea glasi ya mweupe, kisha akabaki amesimama kando ya meza, akisubiri nionje na saga.