Kujenga kwa Daraja la Kesho

Mwalimu aliyepangiwa Uchindile, kata ya milimani inayopitiwa na reli ya TAZARA, ana sababu nzuri ya kutafuta kiwanja Ifakara, kwenye hospitali, soko na shule nyingi zaidi. Anakopa benki na kuanza msingi. Mkopo unaishia kwenye lenta. Muulize atapaua kwa fedha gani, atajibu: "Mwakani napanda daraja, nitaongeza mkopo." Simlaumu. Ila jibu lake lina namna fulani ya kuiamini kesho, na wengine wameshaijaribu kabla yake.

Tuanze na mshahara wenyewe. Utaratibu unataka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwenye 720,000 abakiwe na 240,000. Benki haijagusa kitu, mfuko wa pensheni wa PSSSF umeshachukua asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha wafanyakazi 2, na Bodi ya Mikopo 15 kwa aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo. Hiyo ni robo nzima, shilingi 180,000, na kodi bado. Nafasi ya kukopa inakuwa finyu, na daraja jipya linaonekana kuwa mlango pekee. Lakini daraja hutegemea tathmini ya kazi, ikama (yaani nafasi zilizoidhinishwa) na bajeti. Katika hayo matatu, mwalimu ana mkono kwenye la kwanza tu.

Juni 2016 Serikali ilisitisha upandishaji wa madaraja, nyongeza za mishahara na ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Aliyekuwa amefanya kazi yake vizuri alikwama pamoja na asiyekuwepo kabisa. Mei Mosi ya 2021, jijini Mwanza, upandishaji vyeo ulikuwa bado ni miongoni mwa ahadi kubwa ambazo Rais Samia Suluhu Hassan aliwapa wafanyakazi. Baadaye likaja daraja la mserereko, la kuwarudisha waliocheleweshwa mahali walipostahili kuwa. Ni haki, na nimeifurahia. Hata hivyo mserereko haulipi riba ya mkopo uliochukuliwa kwa kutegemea daraja lililochelewa, wala haurudishi fedha zilizokwenda kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu.

Mkulima wa bonde la Kilombero naye huila kesho. Miezi ya njaa hukopa fedha, akalipa kwa magunia ya mpunga wakati wa mavuno. Kagera wanaita butura: kahawa inauzwa ingali changa mtini, kwa bei ya chini, na Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Tunaisema butura kuwa ni unyonyaji, na ni kweli. Kinachonishangaza ni kwamba mtumishi anayejenga kwa daraja ambalo hajapewa hatumsemi kabisa, ilhali naye ameuza tunda bichi. Tena mkulima huuona mpunga wake. Akiona mvua imegoma, anajua mapema kwamba deni litamshinda. Mwalimu hana shamba la kwenda kulitazama. Ikama hupangwa mbali naye.

Fikihi ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wamefanya nayo biashara kwa karne nyingi, ililichambua jambo hili la kuuza kabla ya mavuno kwa makini kuliko benki zetu. Mtume aliwakuta watu wa Madina wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya mavuno. Hakuwakataza, aliwataka wajue kipimo, uzito na muda. Mauzo hayo ya kulipwa kabla huitwa salamu. Wanazuoni wengi wakaongeza sharti ninaloliona kuwa la busara kubwa: mauzo hayo yasifungwe kwenye matunda ya bustani moja iliyotajwa, maana bustani moja inaweza kukauka. Daraja la mtumishi ni tunda la bustani moja, mwenye bustani ni mmoja, na muda haujulikani.

Japani waliifanya imani hii ya kwamba mshahara utapanda kuwa mkopo rasmi. Mshahara ulipanda kwa umri kazini, basi shirika la serikali la mikopo ya nyumba likatoa mikopo yenye marejesho madogo kwa miaka mitano ya mwanzo, kisha yakipanda ghafla, kana kwamba mshahara utakuwa umepanda pia. Miaka ya 1990 uchumi ulidorora, nyongeza na bonasi zikapungua, marejesho yakapanda vilevile. Wengi walishindwa. Mwaka 2000 mpango ukafutwa. Japani hatari hiyo iliandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo ilionekana na ikafutika. Kwetu imo kichwani mwa mkopaji tu.

Ujenzi wa mkulima, tofali za kuchoma msimu huu, bati msimu ujao, unachosha, na maboma mengi hunyeshewa miaka mingi. Bado nauchagua, kwa kuwa boma lisilo na deni halimkati mtu mshahara. Mwalimu wa Uchindile ajenge vyumba viwili vinavyopaulika kwa mshahara wa leo, sehemu nyingine ya kiwanja aiache wazi. Na mwajiri wake, anayeijua bajeti, ampe kile ambacho salamu humdai muuza tende: tarehe iliyoandikwa, na malimbikizo kamili ikipita.