Mkoba wa redio wa panya wa uokoaji

Mkoba wa redio wa panya wa uokoaji ni kizibao chenye kamera, kipaza sauti na kifaa cha kurusha mawimbi. Huvishwa panya buku (Cricetomys ansorgei) anayeingizwa chini ya kifusi kutafuta watu walionasa. Panya hao hufunzwa Morogoro na APOPO, shirika lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, likahamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 2000. Sifa zao zilienea kwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini: panya Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Uokoaji ni kazi changa zaidi. Mikoba ya majaribio imebuniwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi.

Panya akimfikia mtu huvuta swichi iliyofungwa kwenye kizibao, mlio ukasikika, naye akarudi kupewa ndizi. Pua yake haina shida. Shida ni redio. Ishara za setilaiti za kuonyesha mahali hazifiki chini ya zege, na nondo huyazuia mawimbi. Mwili wa panya nao, uliojaa maji, hunyonya nguvu ya antena na kuihamisha antena yenyewe kutoka kwenye masafa iliyopimiwa.

Hapo ndipo penye mvutano. Masafa ya gigahezi 2.4, yanayobeba video vizuri, yanahitaji antena ya robo wimbi yenye sentimita 3 hivi, lakini hufifia upesi kifusini. Megahezi 433 hupenya zaidi. Ni finyu kwa video ila sauti hupita. Robo wimbi lake ni sentimita 17, na waya wa urefu huo ungenasa kwenye tundu la kwanza.

Mbinu inayolifaa tatizo hili ni kuchapa antena kwa printa ya wino juu ya plastiki laini ya poliimidi, mistari ikipindwapindwa ili urefu wote ulale mgongoni. Wino wenyewe hubeba chembe ndogo mno za madini ya fedha. Hudondoshwa kwa matone ya pikolita chache, kisha huokwa, mara nyingi kwenye nyuzijoto 120 hadi 150, chembe zishikane na kupitisha umeme. Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walichapisha matokeo ya antena za namna hii juu ya karatasi mwaka 2007. Karatasi ni rahisi, ila kwa unyevu wa Uluguru nisingeichagua.

Unene wa wino nao una hesabu yake. Kwenye gigahezi 2.4 umeme hupita katika ngozi ya juu ya fedha, mikromita 1.3 tu, kwenye megahezi 433 huzama mikromita 3. Tabaka moja la printa mara nyingi halifiki hata mikromita moja, kwa hiyo masafa yanayopenya vizuri ndiyo yanayodai kuchapwa mara nyingi zaidi. Na tabaka nene hupasuka upesi likikunjwa, hasa pale wino unapokutana na waya wa kifaa. Kwa mnyama anayejipinda kila hatua, kiungo hicho ndicho cha kupimwa kwanza, kabla ya masafa na kabla ya kamera.