Baking poda imeisha dukani? Vitu hivi vya jikoni vinaokoa keki

Oda imeingia Ijumaa jioni, sherehe ni Jumamosi, na duka la mtaani halina baking poda. Kwa mpishi wa nyumbani aliye Butiama au vijijini Bunda, kufuata bidhaa moja Musoma mjini au Mwanza kunaweza kula faida yote ya keki.

Bahati nzuri, vitu vingi vinavyotajwa kwenye mapishi ya mtandaoni vina mbadala kabatini. Muhimu ni kujua kwanza kitu hicho kina kazi gani: kuumua, kulainisha, kushikanisha au kutia harufu tu.

Baking poda
Badala ya kijiko 1 cha chai, tumia robo kijiko cha baking soda na nusu kikombe cha mtindi. Punguza nusu kikombe hicho kwenye maziwa au maji ya keki, la sivyo mchanganyiko utakuwa mwepesi mno. Povu huanza papo hapo, hivyo jiko liwe limeshapata moto.

Hapa ndipo wengi huharibu: magadi ya kulainishia maharage si baking soda. Ni makali zaidi, nguvu yake haipimiki kirahisi, na huacha ladha kama ya sabuni. Hamira nayo inahitaji muda wa kuumua, haitiwi dakika za mwisho.

Buttermilk
Kwenye mkoa wa wafugaji kama Mara, hii haina haja ya kutafutwa mbali. Maziwa mgando yaliyokorogwa na kuongezwa maziwa kidogo yanatosha. Yakikosekana, tia kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau kwenye kikombe 1 cha maziwa, acha dakika 10.

Siagi
Majarini inaingia kwa kipimo kilekile. Kwa mafuta ya alizeti, kikombe 1 cha siagi ni sawa na robo tatu kikombe. Keki itakuwa laini, ila haitaumuka kama ile ya siagi iliyopigwa na sukari.

Mayai
Nusu ndizi mbivu iliyopondwa inashika nafasi ya yai 1, na ladha yake itasikika. Inafaa pale yanapotakiwa mayai mawili tu au pungufu. Keki ya sponji inayosimama kwa mayai mengi haina njia ya mkato.

Sukari ya unga
Saga sukari nyeupe kwenye blenda kavu, kila kikombe na kijiko 1 cha chakula cha konflawa. Sembe haifai hapo, itaacha chengachenga mdomoni.

Vanila
Iliki iliyotwangwa, au ganda la limau au chungwa lililokwaruzwa. Kwaruza sehemu ya rangi tu, nyeupe ya ndani ni chungu.

Krimu
Theluthi moja ya kikombe cha siagi iliyoyeyushwa na robo tatu kikombe cha maziwa hufaa ndani ya keki, lakini hata ikipigwa saa nzima haisimami. Kupamba, tumia majarini iliyopigwa na sukari ya unga, na keki isikae juani kwenye bodaboda, itayeyuka.

Kwa wanaouza
Jaribu nusu kipimo kabla ya kupika oda nzima. Halafu mwambie mteja kilichobadilishwa, hasa karanga zikiingia badala ya lozi. Mtu mwenye mzio wa karanga anaweza kushindwa kupumua kwa kipande kidogo tu, na kwa macho hawezi kujua zimo.