Tsavoraiti si dawa ya wahenga

Wasee, hebu tuongee ukweli. Kuna bangili za mawe ya kijani zinauzwa mtandaoni, na muuzaji anakuambia hii ni tsavoraiti, jiwe ambalo wahenga walilitumia kutuliza moyo na kushusha presha.

Wahenga gani?

Mwaka 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges alilipata kaskazini mwa Tanzania. Miaka michache baadaye akalipata tena huku kwetu, Taita Taveta. Jina lenyewe ni la 1974, wakati Tiffany ya New York ilipoanza kulitangaza, na limetokana na mbuga ya Tsavo. Kwa hivyo shosho yako hapo Kawangware ni mkubwa kuliko hiyo "dawa ya kale."

Ukijani wake unatoka kwa vanadiamu au kromiamu kidogo iliyofungwa ndani ya jiwe. Haitoki humo ikaingia kwa damu yako.

Na historia yake ya kweli haiponyi mtu, inauma. Agosti 2009 Bridges aliuawa karibu na Voi, kwenye mzozo wa kugombania migodi. Hiyo hawaandiki kwa tangazo la bangili.

Jiwe ni zuri, na ni la kwetu. Ukiwa na pesa, vaa. Lakini kama mathe wako Kibera anameza dawa za presha, asiziache juu ya bangili. Mpeleke kliniki apimwe. Jiwe halijui presha yake ni ngapi.