Barua iliyochelewa mwaka mzima

Tarehe 7 Agosti 2025 ilitimia miaka 50 tangu jarida la Nature kuchapisha makala ya kurasa tatu ya Georges Köhler na César Milstein, watafiti wa Cambridge. Kila aliyewahi kupimwa CD4, alama iliyo juu ya seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, katika kliniki za Dar es Salaam, Kisumu au Kampala amekula matunda ya kurasa hizo, ingawa sijasikia redio zetu zikizitaja.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kumnasa adui mmoja mahususi. Mwaka 1941, Albert Coons wa Harvard alizibandika rangi inayong'aa, na bakteria wa nimonia wakawaka chini ya hadubini. Tatizo ni kwamba damu ya mnyama aliyechanjwa hubeba kingamwili za kila namna, na hakuna damu mbili zinazolingana. Köhler na Milstein waliunganisha seli ya panya yenye kutengeneza kingamwili na seli ya saratani isiyojua kufa. Wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu, miaka nenda miaka rudi.

Kabla makala haijatoka, Milstein alitoa taarifa kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, nalo likaipeleka kwa shirika la serikali lililoshughulikia hataza za uvumbuzi. Shirika likakaa kimya. Jibu lilikuja Oktoba 1976: hawakuona matumizi yoyote ya karibu. Wakati huo makala ilikwisha kuzunguka dunia, na kwa sheria ya Uingereza kilichochapishwa hakina hataza tena.

Mwaka huohuo maabara ya Milstein ilituma seli zake bure kwa watafiti wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, kama wanasayansi walivyozoea kufanyiana. Mkurugenzi wa Wistar, Hilary Koprowski, na mwenzake Carlo Croce hawakulala. Mwaka 1979 na 1980 walipewa hataza za Marekani juu ya kingamwili za aina hiyo dhidi ya uvimbe wa saratani na dhidi ya virusi. Milstein alishangaa. Waziri Mkuu Margaret Thatcher, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia madarakani, aliwaka, na lawama zikarushwa huku na huku: shirika lililochelewa, Baraza, na Milstein mwenyewe aliyegawa mbegu bila mkataba.

Waandishi wengi wa Kiingereza wakifika hapa huomboleza pesa zilizopotea. Mimi siombolezi. Milstein, aliyeacha kazi kwao Argentina wenzake walipofukuzwa, hakutajirika kwa ugunduzi wake, lakini kwa sababu haukuwa na mlinzi mlangoni, maabara yoyote iliweza kuanza kesho yake. Nobel ilimfikia yeye na Köhler mwaka 1984.

Hata mashine ya kuhesabu seli zilizobandikwa kingamwili zinazong'aa ilipatikana kwa ukarimu wa namna hiyo. Leonard Herzenberg wa Stanford alichoka kukodolea hadubini macho akihesabu seli zinazong'aa. Katika kumbukumbu aliyoichapisha na wenzake mwaka 2002, anasimulia jinsi alivyokwenda Los Alamos, ambako Mack Fulwyler alikuwa ametengeneza mtambo wa kutenga seli kwa ukubwa wake, na akapewa michoro yote. Mwaka 1969 saitomita ya Stanford, mashine ya kupima na kutenga seli kwa mng'ao wake, ikatangazwa. Leza ikafungwa baadaye. Mwaka 1976 Herzenberg akaenda kukaa mwaka mmoja kwa Milstein. Kingamwili na mashine zikakutana.

Croce naye hakuishia kwenye ugomvi. Mwaka 1984 yeye na Yoshihide Tsujimoto, kulekule Wistar, walichapisha jeni waliyoikuta pale kromosomu 14 na 18 zinapobadilishana vipande katika aina moja ya limfoma, yaani saratani ya limfosaiti. Wakaiita BCL-2. Kila mtu alidhani inazichochea seli zigawanyike. Mwaka 1988 David Vaux, akiwa bado mwanafunzi wa Melbourne, pamoja na Suzanne Cory na Jerry Adams, walizinyima seli kichocheo zinachohitaji ili ziishi: zenye BCL-2 nyingi zilibaki hai, bila kugawanyika. Kazi ya protini inayotokana na jeni hii, Bcl-2, ni kuzuia kifo cha seli. Mwaka 1990 kundi la David Mason, Oxford, likatoa kingamwili ya kuinasa, iliyopewa namba 124, na hospitali bado zinaitumia.

Kuiona ni kazi ya mikono. CD4 hukaa juu ya seli, lakini Bcl-2 imejikita ndani, kwenye utando wa mitokondria. Fundi hukaza seli kwa fomaldehaidi, kisha huzitoboa kwa saponini ili kingamwili iliyobandikwa rangi ipenye. Saponini ikipungua, seli iliyosheheni Bcl-2 huonekana tupu. Bomba la pili lenye seli hizohizo huwekewa kingamwili isiyonasa kitu, la kulinganishia. Baada ya hapo seli hupita mojamoja mbele ya leza ya buluu, na kila seli huwa nukta kwenye skrini, mahali pake pakitegemea mng'ao wake wa kijani.



Kwetu kipimo hiki cha Bcl-2 kina mahali pake. Limfoma ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na uvimbe wa taya za watoto pale hospitali ya Mulago, Kampala, kwa kawaida haina Bcl-2 au inayo kidogo, ilhali limfoma nyingi zinazofanana nayo huwa nayo tele, na tiba zake hazilingani. Saitomita zilikuja Afrika Mashariki kwa fedha za VVU. Tangu Shirika la Afya Duniani lishauri mwaka 2015 kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 ishuke, kazi yake imepungua. Saitomita ndogo zimefungwa kwa kipimo hicho kimoja cha CD4. Kubwa zinaweza kupima Bcl-2, mradi zipate vitendanishi vilivyotunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na mtu aliyefunzwa kusoma nukta. Wizara zetu zianze na orodha: ziko ngapi, ziko wapi, na zipi bado zinawaka.